Probox Haifi, Sisi Tunakufa: Fungueni Matokeo ya Ukaguzi

Nimekaa kimya wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama gazeti tando hili limefungwa. Halijafungwa. Nilikuwa nikimalizia programu ya mauzo ya duka moja la pembejeo hapa Bungoma, halafu likatokea jambo la kifamilia, na jambo hilo ndilo linanifanya niandike leo.

Leo sitaandika juu ya Linux wala simu mpya. Nitaandika juu ya gari: Toyota Probox, lile gari la sanduku ambalo ukisimama stendi ya Kitale dakika tano utayahesabu mpaka uchoke. Usiondoke bado. Ukifika mwisho utaona kwamba hii ni habari ya hifadhidata, na kwamba nina hasira.

Nianze na khocha. Kwa wasiojua Kibukusu, khocha ni mjomba. Khocha wangu anaishi Kiminini, upande wa Kitale. Mwaka jana baada ya kuuza mahindi aliamua kununua Probox ya mkononi, si ya kutoka bandarini. Muuzaji alikuwa mtu wa Kitale. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, na kwenye kioo cha mbele palikuwa na stika ya ukaguzi, mpya kabisa. Khocha akanipigia simu: "Mwipwa wangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Hebu nitazamie huko kwenye mtandao kama hili gari ni zuri."

Nikakaa jioni nzima mbele ya kompyuta. Nikapata bei, nikapata picha, nikapata watu wanaosifu injini kama wanasifu mtume. Nikalipia msako kwa nambari ya usajili kwenye tovuti ya serikali, nikapewa jina la mwenye gari, nambari ya chesisi, ukubwa wa injini. Majina yalilingana, deni hakuna. Juu ya kitu nilichokuwa nikitaka hasa, yaani gari hili lilipokaguliwa lilikutwa na nini, sikupata hata neno moja. Lakini stika ilikuwepo, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamjibu: "Khocha, liko sawa."

Wiki sita baadaye, akiteremka kuelekea Kamukuywa, khocha alikanyaga breki na pedali ikaenda mpaka chini. Ndani walikuwa watu tisa, akiwemo yeye mwenyewe. Ndiyo, tisa, kwenye gari la watu watano. Sitamtetea na yeye hajitetei. Nusu ya breki ilibaki, kwa sababu breki za gari hugawanywa njia mbili ili moja ikifa nyingine ibaki. Lakini nusu ya breki na watu tisa kwenye mteremko ni hesabu mbaya. Aliliingiza gari kwenye mtaro na mtaro ukalisimamisha. Hakufa mtu. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka vitunguu Webuye alivunjika mfupa wa bega, na msimu ule hakubeba mzigo tena.

Fundi alipofungua gurudumu la nyuma alinionyesha kwa tochi ya simu. Silinda ndogo ya breki ilikuwa ikivuja, na mafuta yake yalikuwa yamechanganyika na vumbi yakawa matope makavu, tabaka juu ya tabaka. Pedi za mbele zilikuwa zimeisha mpaka chuma. "Hii haikuanza jana, bosi," akaniambia. "Hii ina miezi."

Wakati huo wote stika ilikuwa pale pale kwenye kioo, haina hata mkwaruzo.

Sasa nasema na nyinyi mnaosema "Probox haifi". Nawajua. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wenu. Tuangalie tunachomaanisha tunaposema hivyo.

Toyota walianza kuuza Probox Japani mwaka 2002, kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Ni gari la kazi: la fundi wa simu, la muuza dawa, la karani anayezunguka na sampuli. Nyingi zilizofika kwetu zina injini ya 1NZ-FE ya lita moja na nusu, injini ile ile iliyo kwenye Corolla Fielder ambayo jirani yako anaipangusa kila Jumapili. Ni injini nzuri. Ukiibadilishia mafuta kwa wakati itakuzika wewe kabla hujaizika.

Lakini ukaguzi wa barabarani hauulizi kama injini inawaka. Unauliza kama breki zinashika, tena kwa usawa kushoto na kulia. Unauliza kama usukani una mchezo, kama boljointi na bushi zimeisha, kama shokomzoba zimekufa, kama tairi zina meno, kama taa zinaelekea barabarani na si kwenye miti, kama mikanda inafunga, kama chesisi imeoza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosaidiwa na sifa za 1NZ-FE. Tena injini isiyokufa ndiyo hatari yenyewe: inaendelea kulisukuma gari miaka mingi baada ya kila kitu kingine kuchoka. Gari ambalo injini yake hufa mapema huishia uwanjani, kuku wakatagia ndani yake. Probox huendelea kubeba watu.

Nitawapa hesabu moja ndogo. Kwao Japani, Probox ya mizigo hupewa kikomo cha kilo 400 za mzigo ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Ukijumlisha watu na mzigo, kwa namna yoyote unapata kama nusu tani hivi. Sasa chukua watu tisa wa kilo 65 kila mmoja: kilo 585. Weka gunia moja la mahindi la kilo 90 kwenye buti: kilo 675. Hapo hata jogoo wa mama mkwe hujampima. Kila kilo ya ziada hulipwa na springi za nyuma, shokomzoba, tairi na breki, yaani vitu vile vile ambavyo mkaguzi anapaswa kuvitazama. Ndiyo maana mafundi wetu huweka vipande vya kuinua springi nyuma, Probox ikasimama kama panzi. Tunadhani tumelitibu gari, kumbe tumelinyamazisha tu lisiguse chini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Japani gari la abiria la mtu binafsi hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Lakini gari dogo la mizigo, na Probox ya mizigo imo humo, hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 2, na kuanzia hapo KILA MWAKA. Maana yake Probox nyingi zinazoshuka Mombasa zimeishi utotoni chini ya ukaguzi mkali kuliko sedani zilizokuja nazo kwenye meli moja. Wajapani walijua kwamba gari la kazi huchoka upesi. Kisha gari linafika kwetu na historia yote hiyo inakatika, kama mtoto aliyehama shule bila kadi yake ya kliniki.

Sisi nasi tunayo sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema magari ya abiria na ya biashara yakaguliwe, na pia gari lolote lililopita miaka 4 tangu kutengenezwa. Kwa upande mwingine, kiwango cha KS 1515 cha shirika la viwango, KEBS, kinaruhusu kuingiza gari lililotumika lisilozidi miaka 8. Ndiyo maana mwaka huu wa 2026 waagizaji wanatafuta magari yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Weka sheria hizo mbili kando kwa kando. Magari mengi yaliyotumika hutua hapa yakiwa yameshapita ile miaka 4 au yanaikaribia. Kwa hiyo suala la ukaguzi haliwahusu wenye matatu peke yao. Linakuhusu wewe, mwalimu wa Chwele, na wewe, daktari wa mifugo wa Kimilili.

Haya, sasa nifike kwenye kompyuta.

Kila ukaguzi unaofanywa huacha maandishi. Gari gani, la mwaka gani, limepita au limeanguka. Stika haitoki bila mtu kuandika kitu mahali. Mimi riziki yangu ni kupanga maandishi kama hayo, na nawaambia, mtu mwenye jedwali la namna hiyo anaweza kujibu kwa dakika chache maswali ambayo khocha angelipa pesa kuyajua. Probox za mwaka 2012 zinaanguka kwa ajili ya nini zaidi, breki au usukani? Baada ya kilomita ngapi? Je, Fielder yenye injini ile ile inaanguka kwa sababu zile zile? Kama Fielder inapita na Probox inaanguka, basi kosa si la Toyota, ni la mzigo tunaoubebesha. Kama zote mbili zinaanguka mahali pamoja, hapo tuna neno la kumwuliza anayetuuzia vipuri.

Lakini jedwali hilo halitolewi kwa umma likiwa limepangwa kwa aina ya gari. Tunatangaziwa waliokufa, na idadi hiyo inatoka kila mwaka: zaidi ya watu 4,000 katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024. Wafu wanahesabiwa kwa uangalifu. Breki zilizowaua hatuonyeshwi.

Wenzetu wanafanyaje? Uingereza walianza ukaguzi wa lazima, wanaouita MOT, mwaka 1960. Katikati ya miaka ya 2000 wakauingiza wote kwenye kompyuta. Waandishi wa BBC walipoomba matokeo kwa kila aina ya gari, shirika lililohusika lilikataa, likihofia kuwaharibia biashara watengenezaji. Mvutano ukachukua zaidi ya mwaka, na mwanzoni mwa 2010 takwimu zikatoka. Dunia haikuanguka. Viwanda havikufungwa. Mwaka huo huo serikali yao ikaanza kutoa mafaili yote, yaliyoondolewa utambulisho wa wenye magari, mtu yeyote ayapakue. Leo ukiwa London ukiona gari linauzwa, unaandika nambari yake kwenye tovuti ya serikali, BURE, unaona kila mara lilipoanguka, kwa sababu gani, na kilomita zilisoma ngapi. Muuzaji anayerudisha nyuma kilomita anaumbuliwa na mstari mmoja.

Ujerumani wana ripoti ya TÜV inayotoka kila mwaka, inayopanga magari kutoka bora hadi la mwisho. Ripoti ya 2024 iliweka Tesla Model 3 mkiani kabisa kati ya magari ya miaka 2 hadi 3: asilimia 14.7 yalikutwa na kasoro kubwa. Gari la kisasa, kompyuta yenye magurudumu, likashindwa kwa mambo ya kizamani kama breki, taa na ekseli! Sasa niambieni, kama takwimu zinaweza kumvua nguo Tesla mbele ya dunia nzima, kwa nini Probox ya Kamukuywa iwe siri ya taifa?

Na hapa kuna jambo linaloniuma zaidi kama mtu wa programu. Probox hutaikuta kwenye jedwali la Waingereza wala la Wajerumani, kwa sababu Toyota hawakuipeleka kwenye masoko hayo. Japani huiuza kabla haijachoka. Gari hili linafikishwa mwisho wa maisha yake hapa: Kitale, Bungoma, Busia, na ng'ambo ya Malaba kwa majirani zetu. Maabara ya kuijaribu Probox mpaka ife ni barabara zetu. Panya wa maabara ni sisi. Na hata matokeo hatuyaandiki ubaoni!

Najua majibu yatakayokuja. Nimeyasikia tayari pale Kanduyi nilipokuwa nikinywa chai na marafiki, kwa hiyo niyajibu mapema.

La kwanza: "Hiyo ni siri ya mwenye gari, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019." Sawa, sheria hiyo naiheshimu, na programu zangu inabidi ziifuate. Lakini sijaomba jina lako wala nambari ya gari lako. Naomba mstari mmoja kwa kila ukaguzi: aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, kituo, mwezi, kilomita, limepita au limeanguka, na kilichoangusha. Basi. Aina ya gari ikiwa na magari machache sana kiasi kwamba jirani anaweza kubahatisha mwenyewe, mistari hiyo ifichwe. Hiyo ni kazi ya alasiri moja kwa kijana yeyote aliyesoma hifadhidata. Tena tunayo sheria nyingine, ya Kupata Habari, ya mwaka 2016, na nyuma yake Kifungu cha 35 cha Katiba. Habari iliyo mikononi mwa serikali ni haki ya mwananchi. Mtu anayeitaja sheria ya kwanza akaisahau ya pili, amechagua.

La pili ndilo gumu, na aliyelisema ni fundi, mtu mwenye akili: "Kijana, takwimu zenyewe zitakuwa uongo. Watu wanakodi tairi za siku moja, wanapita, wanazirudisha. Wengine gari halifiki hata kituoni, inafika chai peke yake." Nikanyamaza kidogo, kwa sababu alikuwa akisema kile ambacho kila mtu anakijua. Lakini baadaye nikagundua kwamba hiyo ndiyo sababu KUBWA ya kuzifungua.

Fikiria hivi. Una vituo viwili vinavyokagua Probox za umri mmoja kutoka barabara za namna moja. Kimoja kinaangusha magari mengi kwa breki, kingine hakiangushi karibu chochote. Huhitaji mpelelezi. Huhitaji kamera iliyofichwa. Unahitaji grafu moja, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuichora. Au gari lipite ukaguzi mwezi wa tatu likiwa na kilomita laki mbili, na mwaka ufuatao lisome laki moja na nusu. Uongo ukiwa mmoja mmoja unajificha. Ukiwekwa kwenye jedwali lenye maelfu ya mistari, unajitokeza kama mtu aliyevaa koti jeupe kwenye shamba la miwa la Nzoia. Wanaokula chai hawaogopi sheria, kwa sababu sheria wanaijua vizuri kutuliko. Wanaogopa hesabu iliyo wazi.

La tatu: "Ukichapisha kwamba Probox zinaanguka, utawaua wenye Probox, gari halitauzika." Hili linanichoma kwa sababu ni la maskini kwa maskini. Lakini nani ananunua Probox? Ni khocha. Ni kijana aliyepewa mkopo wa chama. Wenye pesa wana makanika wao, wanalipia gari likaguliwe kabla ya kununua. Asiye na pesa ndiye aliyebaki na stika kama mwongozo wake wa pekee. Ukimficha khocha ukweli ili bei isishuke, unamlinda aliyemwuzia. Na tukijua kwamba Probox huanguka zaidi kwa silinda za breki za nyuma, kila mnunuzi atakwenda na fundi kufungua gurudumu la nyuma. Muuzaji naye atabadilisha silinda kabla ya kuuza. Bei itasimama vile vile, na gari pia litasimama likikanyagwa breki.

La nne: "Serikali haina uwezo." Hapo nilicheka. Mwezi wa Julai 2011, Rais Kibaki alizindua mpango wa takwimu huria wa Kenya, tukasifiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika. Nakumbuka furaha tuliyokuwa nayo sisi vijana wa programu. Tulidhani mwaka ufuatao tutakuwa na kila kitu, tukabaki na tovuti. Leo ukitaka kubadilisha umiliki wa gari unafanya kwa simu ukiwa umekaa kwenye boda boda. Mfumo unaoweza kupokea malipo yako kwa sekunde tatu unaweza kutoa faili moja kila mwezi. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuona aibu.

Kwa nini napiga kelele sasa? Kwa sababu mwaka 2025 wizara ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari, na humo kuna mpango wa kuruhusu vituo vya watu binafsi. Siupingi. Vituo vikiongezeka, foleni itapungua, na mtu wa Kapsokwony hatapoteza siku mbili kwa ajili ya karatasi. Lakini kuongeza vituo bila kufungua matokeo ni kuongeza madirisha ya kuuzia stika. Mfanyabiashara wa kituo anapenda wateja, na mteja anapenda kituo kinachopitisha. Bila grafu ya kulinganisha, kituo kikali kitafilisika na kituo legevu kitapanuka. Hii si siasa, ni soko. Kwa hiyo kipengele kimoja kiongezwe kwenye kanuni hizo: kila kituo, cha serikali au cha mtu binafsi, matokeo yake yachapishwe kila mwezi kwa aina ya gari, bila jina la mwenye gari. Sentensi moja tu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi tumekwenda hatua moja zaidi: tumempeleka mgonjwa kwa daktari, daktari ameandika, kisha tukaufungia ugonjwa kwenye droo na kumpa mgonjwa stika.

Wakati tunangoja, nifanye nini mimi na wewe? Mimi nimeanza kuandika barua ya kuomba takwimu hizo chini ya ile sheria ya 2016. Nikiimaliza nitaiweka hapa, mtu yeyote ainakili na kuituma kwa jina lake, maana barua moja hupotea lakini barua mia moja huwa mzigo. Pia nimechora muundo wa jedwali lenyewe, ili asitokee mtu wa kusema haijulikani lifananeje. Wewe, kama unanunua Probox wiki hii, usifanye nilivyofanya. Usimwulize mtu wa kompyuta. Chukua fundi ambaye hajuani na muuzaji. Magurudumu yote manne yafunguliwe, pedi na silinda zitazamwe kwa tochi. Angalia kama nyuma pameinuliwa springi, na kama pameinuliwa, uliza limebeba nini na kwa miaka mingapi. Shika tairi juu na chini ulitikise. Panda watu wawili, tafuta barabara tupu, kanyaga breki kwa nguvu, uone linavuta upande gani. Stika itazame mwisho kabisa.

Khocha amelitengeneza gari. Silinda mpya, pedi mpya, na anabeba watu wanne, si tisa. Anasema faida imepungua, anasema pia analala. Gharama ya hospitali ya yule mama wa vitunguu aliilipa kwa kuuza ng'ombe. Alipokwenda kumwomba msamaha, nilifuatana naye. Mama akatutazama, akauliza swali moja tu: "Lakini si mlikuwa na karatasi ya serikali?"

Khocha alinigeukia mimi, mtu wa kompyuta. Sikuwa na jibu.

Nawaachia swali hilo. Wenye maoni, waandike hapo chini, na mnaotoka Trans Nzoia na Bungoma mniambie fundi wenu anakuta nini akifungua Probox. Wenye kutukana wanitukane, lakini waje na takwimu. Tuonane wiki ijayo, nitarudi kwenye Linux, naahidi.